Sura ya Tisa: Kabati Lililochanwa

Mtuhumiwa anayelia huwapa polisi kazi. Anayetukana huwapa kazi zaidi. Lakini anayenyamaza huwaharibia mpaka chai, na Matimutimu alikuwa amenyamaza tangu walipomfungia mlango wa mahabusu. Hakukana, hakukiri, hakuomba wakili. Alipoulizwa jina alilitaja, akaongeza mwenyewe na lile la utani, akigusa nywele zake zilizosimama kila upande kama watu wanaokimbia moto. Alipoulizwa alikwenda hospitali kufanya nini asubuhi ile binti wa fundi Kitana alipofia kwenye meza ya upasuaji, akaugeukia ukuta.

"Huyu ana jambo," Sajini alisema.

"Kila mtu ana jambo, mzee wangu. Mimi nina goti," Inspekta alijibu, akaliburuta goti lake mpaka ofisini kwa mkuu wa kituo.

Kesi yenyewe, kwa wapendao kesi rahisi, ilikuwa imeiva na kudondoka. Hospitali ile kubwa iliacha zamani kuchapisha picha za wagonjwa kwenye zile karatasi ngumu za kuinuliwa dirishani. Picha zote sasa zilikaa chumba cha chini, ndani ya makasha ya diski, na seva zilizifikia kwa kupitia waya nene za data. Asubuhi ile daktari wa upasuaji alikuwa ameshafungua kichwa cha msichana, akiongozwa na picha za ubongo wake kwenye skrini, mara picha zikaganda, zikatoweka. Skrini ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni picha. Wakasubiri, wameikandamiza damu kwa pamba. Picha zilirudi. Msichana hakurudi.

Alikuwa mtoto wa pekee wa fundi mkuu wa chumba hichohicho cha chini, mtu ambaye hospitali nzima ilimwita Kitana. Na Kitana, majuma machache kabla ya msiba, alikuwa amemfukuza kazi msaidizi wake Matimutimu kwa sababu ya uovyo wa kazi yake. Asubuhi ya msiba mlinzi alimwona Matimutimu akizungukazunguka ukumbini na begi. Polisi walipolifungua begi hilo nyumbani kwake, wakakuta waya mbili fupi za data, za aina ileile ya kabati la seva. Aliyefukuzwa, aliyemfukuza, binti mezani, waya begini. Hata mkuu wa kituo, ambaye angehitaji miwani kumwona tembo, aliiona kesi hiyo.

"Kesho afikishwe mahakamani," alisema. "Mauaji. Kuna nini tena?"

"Kuna kabati, afande. Sijaliona."

"Kabati litakwambia nini?"

"Litamshinda huyu aliye ndani kwa kunyamaza? Yeye hata salamu haitikii."

Mkuu akacheka, maana hakuwa mtu mbaya, akampa siku ile moja. Shtaka la mauaji halina dhamana. Matimutimu akishavuka kizingiti cha mahakama nalo, miaka ingepita kabla jua halijamwona vizuri.

*

Kitana aliwasubiri mlangoni mwa chumba cha chini. Nyumbani kwake matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa, lakini shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekata karatasi. Macho ndiyo aliyoshindwa kuyapiga pasi.

"Pole sana, baba," Inspekta alisema.

"Nimeshapoa, mama. Nyumbani wa kulia ni wengi. Wa kufungua kabati ni mimi tu. Ingieni, mfunge mlango, baridi isitoke."

Ndani, kiyoyozi kilinguruma kama mtu mwenye mafua. Kabati lilisimama katikati ya chumba, jeusi, refu kumpita Sajini. Kitana akafungua mlango wake wa nyuma, na Sajini, ambaye kwa kawaida hashangazwi na kitu isipokuwa mshahara ukiwahi, akapiga mluzi.

Waya zilishuka ubavuni mwa kabati kwa safu. Zote nyeusi, zote zimelingana, zote zimekunja kona mahali pamoja, zimebanwa kwa vifungo vyembamba vya plastiki kama nywele za bibi arusi zilizochanwa na shangazi asiye na haraka.

"Mke wangu asiione hii," Sajini alisema. "Atanihama."

Kidogo Kitana atabasamu. "Ndipo lilipotoka jina langu. Waya ni kama nywele, ndugu yangu. Ukizilalia vibaya, asubuhi hazikujui."

"Usiguse, tafadhali," Inspekta akasema. "Nionyeshe kwa kidole. Ipi inakwenda wapi?"

"Angalia hizi mbili nene. Hii inatoka upande wa kulia wa seva, hii wa kushoto. Zote zinashuka kwenye makasha ya diski. Mzigo mmoja, njia mbili. Moja ikifa, nyingine inabeba. Siku ile zilikufa zote." Akakirudisha kidole mfukoni. "Mama, njia mbili hazifi pamoja kwa bahati mbaya. Mkono wa mtu ulipita hapa."

"Ulipokuja mbio siku ile, ulizikuta zimechomolewa?"

"Zimechomekwa."

"Zimelegea?"

"Hapana. Zina ulimi wa chuma. Zikiingia vizuri zinalia ta! Zilikuwa zimekaa. Nikawasha mashine upya, ikaamka. Lakini mtu akichomoa, akasubiri, akachomeka tena, utajuaje?"

"Swali zuri. Sajini, tochi."

Inspekta akachuchumaa, goti likalalamika, hakulisikiliza. Akapitisha mwanga kutoka juu mpaka chini, kifungo kwa kifungo. Vyote vilikuwa vimekatwa mkia sambamba na kichwa chake, laini kama ukucha. Vumbi jembamba la rangi ya majivu lilikuwa limelala juu ya waya na juu ya vifungo kwa pamoja, bila mkwaruzo, bila alama ya kidole.

"Nani amefunga hivi?"

"Mimi. Wengine hukata kwa mkasi, wanaacha kinundu cha kumchana mwenzao mkono. Mimi natumia wembe. Hakuna mwingine hapa mwenye subira hiyo."

"Matimutimu je?"

"Yule? Yule hata kamba ya kiatu hafungi."

"Na tangu ulipozifunga, umezifungua?"

"Za nini? Kazi ikishapendeza unaiacha."

Inspekta akanyoosha mkono bila kugeuka. "Kielelezo."

"Afande," Sajini akaanza, akiukumbatia mfuko wa plastiki wenye zile waya mbili fupi, "hiki kinatakiwa kikae kimefungwa mpaka—"

"Andika kwamba nimekifungua. Nikimaliza, andika kwamba nimekifunga. Wino hauumi."

Akavaa glavu, akaushika waya mmoja, kichwa chake akakiweka mbele ya tundu la juu, kisha akaufuatisha ile njia ya ubavuni. Waya ulifika kiunoni mwa kabati, ukaishia hapo, ukining'inia hewani. Makasha ya diski yalikuwa mbali chini.

"Huu haujawahi kupita njia hii," alisema. "Na ulio kwenye njia hii haujasogezwa tangu ulipofungwa. Kwa hiyo Matimutimu hakutoa waya humu asubuhi ile. Alizokuwa nazo begini zilitoka wapi, baba?"

Kitana alikunja uso. "Ni zake. Ndizo alizofunga yeye mwanzo. Alizivusha moja kwa moja, zinakatisha mbele ya makasha kama kamba ya kuanikia nguo. Ukitaka kuvuta diski unaanza kwanza kupiga magoti kama mwizi wa kuku. Nikamwambia mara ngapi! Anajibu, 'Kaka, zinafanya kazi.' Na pua nayo inafanya kazi, unaipangusa au huipangusi? Siku nilipomwachisha nikazing'oa, nikamwambia chukua na takataka zako."

"Ukafunga hizi."

"Nikafunga hizi. Nikapiga picha, nikaitia kwenye kundi letu la simu, la mafundi wa makabati. Tuna mtindo wetu huko: kila mtu anaweka kabati lake, wenzake wanalipima. Siku ile walinipigia makofi wote." Akatazama chini. "Hata binti yangu nilimwonyesha. Akasema, baba, ungenichana mimi hivyo nilipokuwa mdogo, nisingelia."

Inspekta akazima tochi.

"Wote walikupigia makofi?" Inspekta akauliza. "Hata Matimutimu? Bado yumo kundini?"

"Yumo. Yeye aliandika, 'Kaka, nipigie.'"

"Ukampigia?"

"Nimpigie ili alie nimrudishe kazini? Sikumpigia."

Inspekta akaomba aione ile picha. Kitana akamtumia.

*

Mahabusu, Inspekta aliketi kwenye benchi ubavu kwa ubavu na Matimutimu, kama abiria wawili wasiojuana. Akamwekea zile waya fupi kati yao.

"Nimekuja kusoma," alisema. "Kichwa changu kigumu, walimu wangu wote wameshakufa kwa uchovu. Nifundishe wewe. Mtu anachaguaje waya wa kuunga seva na diski?"

Matimutimu aliukazia macho ukuta.

"Mimi naona anatazama kichwa tu. Kikiingia kwenye tundu, basi, mambo kwisha."

Shavu la Matimutimu likacheza. Fundi unaweza kumnyima uhuru wake akavumilia. Ukiukosea adabu ufundi wake, hawezi.

"Kichwa si kitu," alisema. Sauti ilikuwa imeota kutu. "Vichwa vimetengenezwa vifanane. Unaweza kukuta waya wa zamani na wa sasa, kichwa kilekile. Kwanza unauliza mashine inasukuma data kwa kasi gani. Ukiweka waya wa kasi ndogo utaingia, utafanya kazi, halafu utaanza kukuaibisha."

"Halafu?"

"Halafu urefu. Hizi ni shaba tupu. Kwa kasi kubwa, sauti ndani ya shaba inafifia kadiri inavyokwenda. Waya mfupi, wa upande wa pili anasikia vizuri. Mrefu kupita kiasi, anasikia nusu neno, anasema rudia. Rudia. Rudia tena. Kazi ikiwa nyepesi hujui kitu, kwa kuwa nafasi ya kurudia ipo. Siku kazi ikiwa nzito, mashine inachoka kurudia, inasema huyu hayupo. Inamkata."

"Inaikata njia moja."

"Kama njia zote mbili ni ndugu, urefu uleule, waya uleule, zinaugua ugonjwa mmoja. Zinaanguka pamoja."

"Na mtu anayehitaji mrefu afanyeje? Ajinyonge?"

"Zipo ndefu!" Alikuwa amemgeukia sasa, mikono inachora hewani. "Zipo zenye chembe ndogo za umeme kichwani, zinaikuza ile sauti. Au unaweka faiba, mwanga unapita kwenye kioo, hata ukivuka jengo zima haujali. Unachagua kwa mahitaji. Usichokifanya ni kuchukua shaba tupu ukairefusha eti ipite pembeni vizuri, ili..."

Mikono ikabaki hewani. Ikashuka.

"Ili ipendeze," Inspekta alimalizia. Akaiweka simu yake kwenye goti la Matimutimu. Kabati liling'aa pale, waya zake zimechanwa. "Ulimwandikia akupigie."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Anadhani ulitaka kazi."

Matimutimu alicheka kidogo, kicheko kisicho na mwenyewe. "Niliikuza picha. Urefu umeandikwa ubavuni mwa waya, maandishi meupe. Na aina yake. Nikasema, nikimwambia mbele ya kundi nitakuwa nimemvua nguo sokoni. Ndiyo nikaandika anipigie. Hakupiga. Nikachukua hizi zangu nikamfuata, nimwambie, kaka, rudisha takataka kabla hizo ndefu hazijakuangusha. Chumbani hayupo. Wakasema yuko juu, nje ya chumba cha upasuaji. Mimi sikujua kama binti anaumwa, afande. Nimepanda, nimemkuta na mkewe kwenye benchi, wameshikana mikono, macho wamefumba. Nikasema waya zingoje kesho. Unamwambiaje baba mambo ya waya saa kama ile?"

"Hukujua picha za mezani zinapita kwenye waya hizo?"

"Nilijua! Lakini kabati lilikuwa limeshafanya kazi majuma. Nikasema litavumilia siku moja." Akashika kichwa. "Nilikuwa ngazini nashuka niliposikia watu wanakimbia."

Inspekta alimwacha apumue.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niseme nini? Niseme, kaka, aliyemuua mwanao si mimi, ni wewe? Mimi sina mke, sina mtoto. Jela watu wanakaa, wanazoea. Yeye na neno hilo atakaa nalo wapi?"

"Umemhurumia."

"Alinifundisha kazi. Kushika koleo alinifundisha yeye. Naomba usimwambie, dada. Mnipeleke tu."

Inspekta akarudisha simu yake mfukoni. "Sikiliza, mdogo wangu. Mimi ningeweza kukupeleka. Mkuu wangu angenipa mkono wa pongezi. Lakini waya bado ziko pale. Juma lijalo wataanza kupasua tena. Mtu mwingine atakuwa mezani, na baba mwingine kwenye benchi. Huyo nani atamhurumia?"

Matimutimu alifumba macho. Alipoyafumbua alizisogeza zile waya fupi upande wa Inspekta, taratibu, kama mtu anayemkabidhi mtoto aliyelala.

*

Inspekta alikuwa amepanga kumleta fundi wa nje. Kitana alimzuia mlangoni.

"Wa nje? Kabati langu? Mimi niko hapa nimesimama, nina mikono."

"Ningependa leo upumzike, baba."

"Nitapumzika huyo mshenzi akifungwa. Unataka nini kwenye kabati? Sema."

Hapo Inspekta angeweza kusema. Badala yake akalinyooshea kabati kidole. "Nataka kulijaribu," alisema. "Wapigie chumba cha picha. Wafungue picha nzito, nyingi kwa pamoja."

Upasuaji wote ulikuwa umehamishiwa hospitali nyingine tangu siku ile, kwa hiyo hakuna aliyeogopa. Kitana akapiga simu. Walisimama mbele ya makasha ya diski, wakitazama vitaa vyake vya kijani. Muda si mrefu kimoja kikapepesa, kikawa cha njano. Kikarudi kijani. Kikawa njano tena, na mwenzake akamfuata.

"Unaona?" Kitana alisema. "Alichokiharibu bado kinaumwa. Nimeshaagiza sehemu mpya ya seva."

"Sasa toa hizo ndefu mbili. Weka hizi."

Alizitazama zile waya fupi mkononi mwa Inspekta. "Hizo takataka?"

"Hizo."

Akachomoa wembe mfukoni. Alikata vifungo vyake kimoja kimoja, na kila kimoja kilipoanguka alikiokota akakiweka mfuko wa shati. Zile ndefu zikatoka. Zile fupi zikaingia, ta, ta, zikakatisha mbele ya makasha vilevile zilivyokuwa zamani, mbaya za kutazama.

"Waambie wafungue tena," Inspekta alisema.

Kijani.

"Waongeze."

Kitana alisema kwenye simu waongeze. Kijani. Akawaambia wafungue kila walicho nacho, picha za mwaka mzima, na mtu wa upande wa pili akasikika akiguna kwamba kompyuta zitalia. Kijani, tulivu, hakuna hata kilichokonyeza.

Kitana akaitia simu mfukoni. Akachomoa zile fupi. Akarudisha ndefu, safari hii bila kuzifunga, zikiwa zimelegea sakafuni, kwa kuwa huenda alijiambia kwamba labda kosa ni kubana. Njano. Akazitoa. Fupi. Kijani. Ndefu. Njano. Sajini alitaka kumshika bega, Inspekta akamkataza kwa macho.

Mwishowe akauinua waya mrefu karibu na uso wake, akausoma ubavuni kwa ncha ya kidole, herufi kwa herufi, kama mtu asiyejua kusoma.

"Nilipima kwa uzi," alisema. "Ubavu wa kabati. Nilipima kwa uzi ili zote zilingane."

"Ndiyo, baba."

"Muuzaji aliniuliza. Aliniuliza kabisa, 'Unataka shaba tupu au ile yenye chembe?' Nikamwambia yoyote, mradi iwe nyeusi. Zilingane na zile nyingine." Akamgeukia. "Nilichagua rangi, mama."

Inspekta amewahi kupigwa risasi ya goti. Alisimama pale akaitamani ile ya goti.

"Matimutimu alikuja kuniambia," Kitana alisema. Hakuuliza.

"Alikuja. Akakukuta benchini."

"Na kwenu amesemaje?"

"Hajasema. Amekaa mahabusu amefunga mdomo ili usijue. Nilivyomfungua ni kwa kumtukania waya."

Kitana akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole. Kisha akaziweka zile fupi kwa mara ya mwisho, akasikiliza zilie, akafunga mlango wa kabati bila kuzipanga.

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mapya akiwa amesimama, jambo asilolifanya. Kitana aliyasema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeagiza vifaa: kwamba amemshuku mtu bure, kwamba waya alizichagua yeye, alizinunua yeye, alizifunga yeye.

"Na huyu tumfanyeje?" mkuu alimnong'oneza Inspekta. "Kuna kifungu?"

"Uzembe, labda. Kitafute, afande. Leo mimi sina macho ya kusoma."

Matimutimu alitolewa. Alisimama kaunta, akirudishiwa mkanda na simu, akiogopa kutazama benchi alilokaa Kitana. Kitana akainuka. Sajini akasogea karibu, maana polisi wa siku nyingi hujua kwamba msamaha na ngumi huanza kwa hatua ileile.

"Umekula?" Kitana aliuliza.

"Nimekula, kaka."

"Muongo." Akamtazama nywele, akamtazama viatu, kamba zimefunguka. "Mke wangu amekulaani tangu siku ile. Mbele ya watu. Kila anayekuja kuhani anaambiwa jina lako kabla hajaketi."

"Ana haki, kaka. Msiba una mdomo wake."

"Hana haki. Inabidi nikamwambie." Midomo ilimcheza. "Twende wote. Peke yangu sitafika."

"Kaka, mimi hapo nyumbani—"

"Peke yangu sitafika, nakwambia."

Inspekta akachukua ufunguo wa gari bila kuombwa. Njiani Sajini alijikohoza mara moja, akajutia. Mtaa ulikuwa umejaa viti vya kuazima, wanaume wameketi kwa vikundi uani, sauti za wanawake zinatoka ndani. Gari liliposimama, Kitana alibaki ameshika kitasa. Matimutimu akashuka upande wake, akazunguka, akamfungulia mlango, akampa mkono.

Inspekta aliteremsha kioo.

Watu wa uani walimtambua yule mwenye nywele. Kwanza ukaja mnong'ono, kisha viti vikasukumwa nyuma. Mtu akaita ndani. Mama wa msichana akatokea mlangoni, kanga imemwanguka begani, akamwona Matimutimu, na akashuka ngazi mikono ikiwa mbele, akilia na kutukana kwa pumzi moja.

Kitana akasimama kati yao. Akaipokea ile mikono kifuani, akaishika yote miwili, hakuiachia.

"Si yeye, mke wangu," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka garini. "Si yeye."

Mama alimtazama mumewe, akamtazama Matimutimu aliyeinamisha kichwa, akarudi kwa mumewe tena.

"Kama si yeye," akauliza, "nani?"